Milima ya Usambara Ina Wenyewe

Ukisoma vipeperushi vya utalii, ukisikiliza hotuba za siku ya kupanda miti, au ukikaa jioni barazani na wageni wa hoteli, utaipata hadithi ile ile juu ya Lushoto. Ni mji mdogo wa kale, wenye baridi, misitu na mabonde. Uswisi ya Tanzania. Uzuri huo, tunaambiwa, unaliwa siku hadi siku na wakulima: wanalima mpaka kwenye ncha za vilima, wanakata miti, wanajaza udongo mitoni. Dawa yake ni utalii endelevu. Na ukiuliza utalii huo ni upi, utajibiwa kwamba mandhari ilindwe, wenyeji wasogezwe kando yake kidogo, na waje wageni wachache wenye fedha nyingi. Hadithi hii imekubalika kiasi kwamba hata vijana wa Kisambaa wanaoongoza watalii huisimulia bila kusita, wakiwasema wazazi wao wenyewe.

Mimi naipinga. Kwanza historia haiiungi mkono. Pili, ikifuatwa itaua kile kile inachodai kukiokoa.

Panda kwa miguu kutoka mjini hadi Irente, ukasimame ukingoni. Chini yako, karibu mita 1,000, kuna tambarare ya Mombo na Mazinde, mistari ya mkonge, reli ya zamani, na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Wageni wote hupiga picha upande huo. Nawaomba wageuke nyuma watazame walikotoka. Kuna shamba dogo, huenda halifiki hata nusu eka, limeshikilia mteremko ambao mtu mzima asiye mwenyeji hawezi kuushuka bila kushika kitu. Juu kabisa kuna migrivelia iliyopunguzwa matawi. Chini yake migomba, katikati ya migomba mikahawa michache, na maharage yanayotambaa palipobaki nafasi. Kila baada ya hatua kadhaa mteremko umekatwa na mstari wa mabingobingo, nao hukatwa kwa zamu kulisha ng'ombe aliyefungwa bandani. Samadi ya ng'ombe huyo hurudi shambani kichwani mwa mwanamke, ndani ya ndoo, kwa njia ile ile ya mteremko. Bondeni maji yametolewa kijitoni kwa mfereji wa udongo usiozidi upana wa mikono miwili, yanagawiwa kwa zamu kati ya nyumba na nyumba, yanafika kwenye kabichi na karoti.

Huo ndio uzuri wa Lushoto. Ile rangi ya kijani yenye vivuli kumi tofauti ambayo mgeni huichukua kwenye simu yake ni kazi ya jembe, panga na mgongo wa mtu. Ukiondoa watu hao, ndani ya misimu michache mabonde yale yatakuwa vichaka vya magugu na makorongo. Mtu anayesema wakulima wanaharibu mandhari ya Usambara anafanana na anayelaumu mpishi kwa kuwa jikoni kuna moshi.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyetumia miaka mingi kuwasikiliza wazee wa Kisambaa, ameeleza jinsi vijiji vya kale vilivyowekwa makusudi karibu na kingo za milima ili familia moja iwe na shamba la migomba juu na shamba la nafaka huko chini nyikani. Njaa ikipiga upande mmoja, upande wa pili unaokoa. Ndiyo sababu kijiji cha Mtae kiko pale kilipo, juu ya uti wa mlima mwembamba, na bonde kila upande. Kwa mtalii ni mahali pa kuona machweo. Kwa waliopachagua palikuwa ghala, mnara wa ulinzi na bima. Elimu ya kuishi mlimani bila kuumaliza ilikuwepo kabla Johann Ludwig Krapf hajafika Vuga mwaka 1848 kumwona Mfalme Kimweri, na kabla neno endelevu halijaingia kwenye ripoti yoyote.

Sasa tuulize nani alikata msitu. Swali hili hukwepwa, na jibu lake limeandikwa.

Mwaka 1895 utawala wa Wajerumani ulitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mtu ni mali ya dola. Shamba lililopumzishwa, malisho, msitu wa matambiko, vyote vilihesabika vitupu machoni pa mpimaji. Walowezi wakagawiwa mashamba. Kule Shume kampuni ya Wilkins & Wiese ikapewa msitu wa mierezi na mikulo, ikajenga kiwanda cha mbao mahali ilipopaita Neu-Hornow, na kushusha magogo kwa njia ya kamba za chuma hadi stesheni ya Mkumbara, yapande treni kwenda bandarini Tanga. Waingereza walipochukua nchi, ukataji uliendelea, na sehemu kubwa ya msitu wa asili wa Shume ikageuzwa mashamba ya miti ya kigeni, misonobari na mingineyo ya mbao. Usambara Mashariki nako, miaka ya 1970 na 1980, msitu wa mvua ulikatwa kwa mashine kwa msaada wa fedha za Finland, mpaka kelele zikazidi, na Finland yenyewe ikageuka kuwa mfadhili wa uhifadhi huko huko. Katika habari zote hizo mkulima wa Kisambaa mwenye panga anaonekana kama kibarua, au kama mtu anayefukuzwa apishe.

Sisemi kwamba hakukata. Alikata, na anakata. Lakini alikata akiwa amebanwa katikati ya hifadhi iliyowekewa mipaka juu yake na mashamba makubwa ya mkonge yaliyochukua nyika iliyokuwa ghala lake la pili. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani Lushoto, wengi wao wakiwa juu ya milima hii hii. Ukimnyang'anya mtu chini na juu, halafu ukamkuta amejikunja katikati, si haki kumshangaa kwamba amelima mteremko.

Lawama hii ina umri mrefu, na tayari imeshajaribiwa kuwa sera. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo huko Mlalo, baadaye ukaenezwa kwingineko Usambara. Wataalamu walikuwa na hakika: wenyeji hawajui kutunza ardhi, wafundishwe kwa nguvu. Amri ikatoka watu wapige matuta mashambani. Asiyepiga alishtakiwa na kutozwa faini. Wanaume wengi walikuwa kwenye vibarua vya mkonge, hivyo jembe likawaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa na shamba, maji, kuni na watoto. Matuta yalimeza nguvu na nafasi, mavuno hayakuonekana kulipa jasho hilo, na watu wakashuku kwamba serikali inapima mashamba ili iyachukue. Wakakataa. Upinzani wa matuta ukawa mojawapo ya mambo yaliyoipa TANU wafuasi milimani, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango wote ulikuwa umeachwa.

Mwaka 1981 ulikuja mradi mwingine, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Nao ulihusu udongo na miti, lakini ulikuja na nyasi za malisho kwenye kontua, miti yenye faida, na ng'ombe wa kufugia bandani. Ukitembea leo kuelekea Soni au Magamba utaona kilichobaki na kilichokufa. Mistari ya nyasi iliyobaki ni ile iliyompa mkulima chakula cha ng'ombe wake. Iliyopandwa ili mfadhili aipige picha imeng'olewa zamani. Wanaopanga utalii endelevu leo wanapaswa kutembelea mistari hiyo kabla ya kuandika mpango wowote, maana wanakaribia kurudia matuta ya 1946, safari hii kwa jina la mgeni.

Nakubali kuna mambo mabaya mashambani. Mboga za soko la Dar es Salaam zimeleta dawa nyingi. Nimeona kijana akipuliza nyanya bila kinga yoyote usoni, bomba mgongoni, hatua chache juu ya kijito ambacho watu huteka maji. Nimeona kilimo kikiingia kwenye kingo za mito, na baada ya mvua kubwa ya masika nimeona maji ya Soni yakishuka mekundu kama chai ya rangi. Mawe na udongo huporomoka kwenye barabara ya Mombo, ile ya kilomita 33 ambayo ndiyo koo la mji, na siku hizo magari husimama foleni juu na chini. Mtu asiyetaka kuyaona haya hana haki ya kuitetea Lushoto.

Ila fuata sababu mpaka mwisho wake. Nenda Lukozi wakati malori ya Fuso yanapakia. Viazi vinaingia kwenye gunia, gunia linajaa, kisha linaongezewa kilemba cha wavu na kamba mpaka linasimama kama mtu aliyebeba mtu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, watu wote wanaijua, na bado inapakiwa mchana kweupe. Mkulima anauza karibu gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja, na bei yenyewe anaitaja dalali. Msimu unaofuata, ili apate ada ile ile ya shule, anahitaji kipande kingine cha ardhi. Kipande hicho kiko wapi? Kiko juu zaidi, kwenye mteremko mkali zaidi, au chini zaidi, karibu zaidi na mto. Udongo unaoshuka Soni umepimwa kwanza kwenye gunia la lumbesa.

Hapa ndipo msafiri anapoingia, na ndipo mjadala wetu wa utalii unaponikasirisha. Mji huu una hoteli, nyumba za wageni, vyuo, hosteli za makanisa na migahawa. Vyote hivyo vinakula. Vinakula viazi, kabichi, maziwa, mayai, matunda kila siku ya Mungu. Endapo jiko la hoteli litanunua kwa kilo, kwa mizani, moja kwa moja kwa kikundi cha wakulima wa bonde la jirani, mkulima huyo atapata kwa shamba alilonalo kile alichokuwa akikitafuta kwa kufyeka jipya. Hiyo ni hifadhi ya udongo yenye nguvu kuliko semina kumi. Lakini ingia kwenye vyumba vya kulia chakula vya hoteli zetu nyingi: juisi ya boksi kutoka kiwandani mjini, jemu ya kopo kutoka nje ya nchi, na nje ya geti kuna mama amekaa na ndoo ya plamu zinazolainika juani. Chumbani kuna kikaratasi kinachomwomba mgeni asifuliwe taulo kila siku ili kuokoa mazingira. Sina ugomvi na taulo. Ugomvi wangu ni kwamba kikaratasi hicho ndicho tumekubali kukiita utalii endelevu.

Mama mmoja wa namna hiyo nilimkuta kituo cha mabasi cha Soni, amepanga mapeasi kwenye sinia la plastiki, mafungu ya matano matano.

"Shikamoo mama. Hoteli za huko juu hawaji kuchukua?"

"Marahaba mwanangu. Huja dereva wao, akitaka la kula njiani."

Alinieleza kwamba ndoo ikifika jioni bado imejaa hairudishi nyumbani, maana kupanda nayo mlima ni kazi kuliko thamani yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni amekuja Soni, amepita kwa gari, na mwenyeji amerudi nyumbani mikono mitupu.

Watu wanaojua kufanya vizuri zaidi wapo, tena hapa hapa. Shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri limeuza kwa miaka mingi jemu, jibini na mkate wake kwa wapita njia. Masista wa Kikatoliki na Wabenedikti wa Sakharani wametengeneza divai na jemu kwa matunda ya milima hii. Hawa si kampuni za utalii, na huenda ndiyo sababu walianza na tunda na si na mandhari. Funzo lao halijaenea kwa sababu sera yetu haijaamua kwamba chakula ni sehemu ya utalii. Tunahesabu vitanda na viingilio. Hatuhesabu kilo.

Turudi kwenye lile jina la Uswisi, maana linatumika kama hoja. Wanaolitaja huwaza milima misafi isiyo na mtu. Uswisi halisi haiko hivyo. Malisho yale ya kijani ya kwenye kalenda yametengenezwa na wakulima na ng'ombe wao kwa karne nyingi, na serikali ya Uswisi inalijua hilo vizuri kiasi kwamba huwalipa wakulima wa milimani ruzuku ya moja kwa moja, sehemu yake ikiwa ni kwa ajili ya kuendelea kulima na kuchunga kule juu ili mandhari isigeuke kichaka. Kama tunataka kuwa Uswisi, basi tuanzie hapo. Mswisi analipwa abaki mlimani. Msambaa anaambiwa yeye ndiye doa kwenye picha.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu uko Ufilipino. Matuta ya mpunga ya Ifugao, yaliyochongwa milimani kwa mikono, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995. Watalii wakamiminika. Lakini mpunga haukulipa, vijana wakaondoka kutafuta kazi, wengine wakageukia kazi za utalii wenyewe, kuta zikaanza kubomoka, na mwaka 2001 eneo hilo likawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Likatolewa humo mwaka 2012 baada ya kazi kubwa ya kurudisha mashamba na mifereji. Pale hakuna aliyehitaji kumfukuza mkulima. Kilimo kilikosa maana, mandhari ikafuata. Na kwetu Tanzania, kihamba cha Wachaga wa Shimbwe Juu, pale Kilimanjaro, kiliingizwa mwaka 2011 kwenye mifumo ya urithi wa kilimo inayotambuliwa na FAO. Shamba la mgomba na mkahawa, chini ya miti, limeheshimiwa kama urithi. Mashamba ya Usambara ni ndugu wa kihamba. Sioni sababu ya moja kuwa urithi na lingine kuwa uharibifu, isipokuwa kwamba Kilimanjaro ina theluji na msemaji.

Wapo watakaosema nakuza mambo, kwamba hakuna anayependekeza kuhamisha watu. Basi wasimame Mtae asubuhi isiyo na ukungu, watazame chini upande wa kaskazini. Wataiona Mkomazi. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa huko kwa jina la uhifadhi, wakaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, na nchi yao hawakurudishiwa. Leo ni hifadhi ya taifa. Kila uhamisho wa namna hiyo huanza na maneno laini: eneo limeelemewa, mandhari ni ya thamani kubwa, wenyeji hawaelewi. Maneno hayo hayo nayasikia kwenye vikao vya utalii vya milimani, na ndiyo maana siyaachi yapite.

Kuna na hoja ya pili ndani ya hadithi ile, ya wageni wachache wenye fedha nyingi. Huenda inafaa kwenye kreta au mbuga ambako mgeni hulala hemani na simba ndiye jirani. Katika mji ina maana nyingine. Mgeni wa bei ghali huja na gari la kampuni kutoka Arusha, hulala ndani ya uzio, hula chakula kilichopandishwa na gari hilo hilo, na huondoka na mapato yake mengi yakiwa yamelipwa nje ya mlima kabla hajafika. Mgeni wa mfuko mdogo hupanda basi, hununua ndizi za kuchoma dirishani, hulala gesti, hupanda bodaboda hadi Irente, hunywa chai mgahawani na kumlipa kijana wa mtaani amwonyeshe njia. Njia ya miguu ya siku kadhaa kutoka Lushoto kupitia Rangwi au Lukozi hadi Mtae, ambayo mpango wa utalii wa kitamaduni umeitumia tangu ulipoanza katikati ya miaka ya 1990, huwafikisha wageni wa aina hiyo kwenye vijiji ambavyo gari la kifahari halina haja navyo. Fedha zao ni ndogo, zinashuka mikononi mwa watu wengi.

Isitoshe, tunapotamka mtalii tunamwona Mzungu. Waliojaza vitanda vya Lushoto tangu zamani ni wengine. Ni mahakimu na wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ni wanakwaya, ni washiriki wa semina, ni familia za Tanga zinazokimbia joto la Januari, ni Wasambaa wa Dar es Salaam wanaorudi nyumbani Idi na Krismasi na mizigo ya zawadi. Hawa hawakupanda ndege kuvuka bahari. Kwa kipimo chochote cha hewa chafu wao ni wasafiri safi kuliko yeyote anayetoka Frankfurt. Wanajua lugha ya soko, hawahitaji kutafsiriwa shamba. Na hakuna kipeperushi hata kimoja kinachozungumza nao. Ikiwa tunataka safari zinazodumu, tuanze na wanaorudi kila mwaka.

Hata historia ya mji tunamwuzia mgeni vipande vibovu. Anaonyeshwa majengo ya Wilhelmstal, anaambiwa Wajerumani waliupa mji jina la Kaiser wao na kupanda huku kukimbia joto. Ni kweli, na majengo hayo yatunzwe. Lakini Vuga, kiti cha Wakilindi, ukoo wa Mfalme Kimweri, iko umbali wa safari fupi tu, na habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapishwa mwishoni mwa karne ya 19. Mlalo kuna nyumba za kale za udongo zenye ghorofa, vibaraza vya mbao vikitazama bonde. Hata ua dogo la zambarau linalopandwa vyunguni madirishani Ulaya na Marekani, ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara, lilifika huko kwa mbegu zilizotumwa na afisa wao wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu kutokana na jina lake. Kijana anayeongoza watalii akimaliza miaka miwili ya kazi bila kuyajua hayo, kosa ni la waliomfundisha kumkamata kinyonga mwenye pembe kwenye ua wa shamba, kumweka kwenye kijiti, na kumzungusha kwa wageni mpaka mnyama abadilike rangi kwa hofu. Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Kumtesa hapa hapa kwa ajili ya picha tumekuita maonyesho ya mazingira.

Mimi sitaki wageni wapungue, wala sitaki msitu uguswe. Msitu wa asili wa Magamba, zaidi ya hekta 9,000, ndio chanzo cha maji ya mji na ya mabonde, na una ndege na mimea isiyopatikana penginepo duniani. Wanaoulinda kila usiku bila mshahara ni wakazi wa vijiji vya ukingoni, kwa kuzima moto, kwa kutoa taarifa za misumeno, kwa kukubali kwamba nguruwe pori watashuka na kula mahindi yao. Hao ndio wanapaswa kuuona utalii mfukoni.

Njia ipo. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, hivyo ukingo wenye mandhari unaweza kukodishwa kwa mwekezaji kwa muda, kwa kodi inayojulikana mkutano mkuu, bila kuuzwa kimyakimya kwa mtu wa mbali. Halmashauri ya wilaya inaweza kuweka kwenye masharti ya leseni ya hoteli kiasi cha chakula kitakachonunuliwa ndani ya wilaya, kwa mizani. Wakala wa Vipimo aende Lukozi siku ya kupakia, lumbesa ikome. Na mapato ya lango la Magamba yagawanywe kwa mkataba na kila kijiji kinachopakana na msitu, asilimia yake iandikwe kwa tarakimu, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na nakala ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji, mahali ambapo mama mwenye ndoo ya plamu anaweza kusimama akaisoma.